Moyo Uliokwenda Polepole

Faiz hakuomba wakili. Aliomba mkeka.

"Mkeka wa nini?" akauliza Koplo Shekhan, ingawa alijua.

"Wa kusalia. Sakafu yenu si tohara."

Koplo alimgeukia Inspekta Wamuyu aliyekuwa amesimama mlangoni mwa seli. Inspekta akampa ishara ya mkono, na Shekhan akaenda kuchukua mkeka wake mwenyewe chini ya meza ya kaunta.

Mahabusu huyu alikuwa na duka la dawa mtaani Langoni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na shati lake jeupe lililopigwa pasi asubuhi ya jana sasa lilikuwa na alama ya vumbi begani, pale vijana wa mtaa walipomsukuma ukutani kabla polisi hawajafika. Shitaka lilikuwa limekwisha kuandikwa, lilisubiri saini tu. Kwamba alimwuzia Bi Mwanaarabu, mjane aliyekuwa ndani ya eda, inhela ya pumu iliyokuwa bandia, na mjane yule akafa nayo mkononi. Aliyeleta malalamiko ni Bi Barka, dada mkubwa wa marehemu, na aliyaleta baada ya maziko. Mkuu wa kituo alitaka Faiz apelekwe mahakamani kesho asubuhi, akasema hivyo mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama.

"Inhela ile uliipata wapi?" akauliza Wamuyu.

"Pale ninapozipata zote. Katoni moja. Waliozinunua Langoni wapo, na wanapumua."

"Huenda hiyo moja ilikuwa mbovu."

"Huenda."

"Hutaki kujitetea?"

"Nataka, Bi Inspekta. Nina watoto. Lakini nikiapa kuwa ilikuwa nzima nitakuwa nimeapia nisichokijua. Mimi niliiuza. Sikuivuta."

Shekhan alirudi na mkeka. Faiz aliupokea kwa mikono miwili, akautandika kuelekea pembe ya ukuta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nje, Koplo alisema, "Kijana wa mjini angekwisha kulia na kumtaja mtu mwingine."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nilizaliwa Mkomani, mtaa wa jirani, Madam. Dawa ya kikohozi ya utotoni mwangu ilitoka duka lile, enzi za babake. Kwa hiyo usiniulize mimi."

* * *

Hospitalini, Daktari Hadil aliwapokea katika chumba kidogo chenye feni iliyokuwa ikizunguka bila kuleta upepo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na aliiweka inhela mezani ndani ya mfuko wa ushahidi, kama mtu anayerudisha alichoazima.

"Muda wake haujapita. Namba zake ni sahihi. Nimewaita wagonjwa wangu wawili waliopata za katoni hiyohiyo, na zinawafanyia kazi. Siwezi kuapa juu ya hii moja mpaka maabara ya Mombasa iseme. Damu kidogo ya marehemu pia nimeipeleka huko. Majibu hayatafika kesho."

"Basi hatuna kitu," akasema Wamuyu.

"Tuna kitu kimoja. Moyo wake."

"Ulikuwaje?"

"Ulikwenda polepole."

Wamuyu alingoja. Alikuwa amejifunza, katika miaka yake ya kazi, kwamba mtu anayeongea taratibu haharakishwi.

"Ndani ya kifua," daktari akaendelea, "njia za pumzi zimezungukwa na misuli. Pumu ikija, misuli ile hujibana. Sasa, juu ya kila seli ya misuli kuna vipokezi. Vichukulie kama magati pale mbele ya mji. Dawa ya inhela ni chombo: kinafunga gatini, kinateremsha amri. Amri yenyewe ni legea. Misuli inalegea, pumzi inapita."

"Na moyoni?"

"Moyoni kuna magati ya ukoo huohuo. Amri ya huko ni kimbia. Ndiyo maana mtu akivuta inhela sana moyo humwenda mbio na mikono humtetemeka. Bi Mwanaarabu aliletwa hapa hawezi kusema neno. Bintiye alisema amevuta na kuvuta. Nikamshika mkono. Nilitarajia mshipa unaoruka. Nikakuta unatembea."

Shekhan aliinua kichwa. "Si ndiyo kusema ile dawa ilikuwa maji tu? Haikufika moyoni."

"Hapana, Koplo. Mtu anayekosa pumzi, hata asipovuta kitu chochote, moyo wake hukimbia. Mwili wenyewe una chombo chake cha kupeleka amri ile, tena kikubwa. Ukishtuka tu kinatoka. Kwa hiyo hata ingekuwa maji, moyo ungekimbia."

Wamuyu alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe juu ya meza. "Basi magati yalikuwa yamejaa."

"Ndivyo nionavyo. Kuna dawa ambazo zinafunga pale, haziteremshi chochote, na haziondoki. Kila chombo kinachokuja nyuma yake kinakosa pa kufunga. Ni dawa nzuri, zimewarefushia watu wengi umri, wenye maradhi ya moyo, wenye presha. Lakini mtu wa pumu huzuiwa. Kwake zinaziba mlango ambao atauhitaji. Tulimpa na dawa nyingine, ya vipokezi vya aina nyingine. Alikuwa amefika mwisho. Innaa lillaahi."

Shekhan akaimalizia dua kwa sauti ya chini.

"Dawa hizo zimo katika nyumba yake?" akauliza Wamuyu.

"Hilo ni lako, Inspekta. Mimi najua kilichokuwamo kifuani. Sijui kiliingia kwa mlango gani."

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya mawe, nyembamba na ndefu, na mlango wake ulifunguka kwenye uchochoro ambao punda wawili hawapishani. Matanga yalikuwa yamekwisha. Shekhan alibaki dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, akakaa barazani na kuanza kusalimiwa na kila apitaye, na Inspekta akaingia ndani kwa Ruqaiya, binti pekee wa Bi Mwanaarabu.

Ruqaiya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alijibu kama anayesahihisha mtihani, bila maneno ya ziada.

"Mama alikuwa na presha?"

"Hapana. Pumu tu, tangu utotoni."

"Babako, marehemu Bwana Abdulqadir?"

"Yeye alikuwa na maradhi ya moyo."

"Alikuwa akimeza vidonge?"

"Vingi."

"Viko wapi?"

Ruqaiya alimtazama moja kwa moja. "Nilivirudisha hospitalini siku ya hitima yake. Nilijua mtu wa pumu asivikaribie, Baba alikuwa akinionya. Mwulize Daktari Hadil."

Inspekta alipiga simu palepale, mbele yake. Daktari aliomba dakika, akaenda kabatini, akarudi: pakiti zilipokelewa, zilihesabiwa, ziliharibiwa. Wamuyu alishukuru na kukata. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, na ilikuwa ndiyo aliyoitegemea.

Akaanza upya, kutoka mbali.

"Inhela ya Faiz uliinunua lini?"

"Kesho yake baada ya kubanwa. Ile ya zamani ilikuwa karibu kwisha."

"Baada ya kubanwa? Kwa hiyo alianza kuumwa kabla ya kuinunua?"

"Ndiyo." Ruqaiya alisita. "Ndiyo, kabla. Mama alikuwa amekaa mwaka mzima hajabanwa. Kisha wiki ile, usiku wa kwanza, kidogo. Asubuhi nikaenda kwa Faiz. Usiku wa pili, zaidi kidogo. Na kuendelea."

"Usiku tu?"

"Usiku tu. Mchana alikuwa mzima. Akisoma Kurani, akichambua mchele, akinigombeza. Watu wakasema ni umande. Khalati Barka akasema ni dawa ya Faiz."

Khalati, kwa watu wa nyumba hii, ni dada wa mama.

"Usiku saa ngapi hasa?"

"Baada ya isha. Si mara moja. Kitambo kidogo baadaye. Na kabla ya hapo koo lake lilikuwa chungu. Alikuwa akinitaka nimpe tende aondoe uchungu."

Wamuyu aliacha kuandika. "Uchungu wa kitu alichokunywa?"

"Alikuwa hanywi kitu baada ya isha. Hata kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa chakula, Bi Inspekta, na mimi nilikula sahani moja naye. Koplo wako aliniuliza hayo jana. Alikula nini, alikunywa nini, alivuta nini, alimeza nini. Nimejibu yote."

Hilo lilikuwa kweli. Wamuyu aliyasoma majibu hayo usiku wa jana na hakuona pengo. Aliinuka, akauzunguka ukumbi. Ukuta wa ndani ulikuwa na vidaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, na katika kila kidaka chombo chake: sahani ya kichina, chetezo, Msahafu ndani ya kitambaa cha kijani. Kila kitu kilikuwa kimesimama wima kikitazama chumba. Isipokuwa kimoja. Kichupa kidogo cha shaba chenye shingo nyembamba kilikuwa kimelazwa kifudifudi, na kijiti chake kimefungwa kwa uzi mweusi.

"Hiki ni nini?"

"Mdawari wa wanja wa Mama. Aliulaza siku Baba alipozikwa."

"Kwa nini?"

"Mwenye eda hajipambi. Hapaki hina, hajifukizi udi, hapaki wanja. Mama alipaka wanja tangu akiwa msichana. Alisema bila wanja macho yake ni kama nyumba isiyo na mapazia. Yalimwasha, yakawa mekundu, akawa akiyafuta kwa leso kutwa."

"Hakuna ruhusa ya mgonjwa?"

"Ipo. Akiwa na dhiki ya macho hupaka kama dawa. Lakini usiku, na kukicha aupanguse, usionekane kuwa pambo. Mama hakutaka hata huo. Alisema wanja ni wanja tu, usiku au mchana."

Wamuyu alikuwa bado anakitazama kichupa. Mwanamke mwenye macho yanayowasha. Ruhusa ya usiku. Maradhi ya usiku. Uchungu kooni bila kumeza.

"Ruqaiya," akasema, "nani alikuwa na mama yako baada ya isha?"

"Khalati Barka. Kila siku. Mimi nikiosha vyombo wao walikuwa chumbani, wakichekeana. Mwenye eda hakukatazwa kucheka na dada yake."

"Walikuwa wakifanya nini?"

"Wakitiana dawa ya macho. Khalati ana dawa yake, na mkono wake unatetemeka, hawezi kujitia mwenyewe. Mama ndiye aliyekuwa akimtia. Kisha wiki ile Khalati akasema, nawe lala nikutie, mato yako mabaya kuliko yangu."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

Ruqaiya alikunja uso, si kwa hasira. Kama mtu anayetafuta swali kwenye karatasi ambayo imekwisha kukusanywa.

"Mliniuliza alimeza nini," akasema.

* * *

Nyumba ya Bi Barka ilikuwa ya tatu kutoka hapo. Safari hii Shekhan aliingia, kwa sababu Bi Barka alimwita mwenyewe kutoka ukumbini.

"Shekhan, mwana wa Wazir! Ingia, nawe wajifanya mgeni? Babako alikuwa akiingia hapa mpaka jikoni. Umeshamfunga yule?"

"Yuko ndani, Bi Barka."

"Asitoke. Nduu yangu alivuta kile kitu chake mpaka vidole vikafa ganzi. Yeo ni mimi ninayelia, kesho atalia mwingine." Alimgeukia Wamuyu na kumkaribisha mkekani. Alikuwa mwanamke mrefu, mgongo bado umenyooka, na macho yake yalimtazama mtu kidogo pembeni, kama anayemsikiliza kwa jicho. "Na wewe mwanangu ni mtu wa bara. Pole na joto letu."

"Nimelizoea, Bi. Macho yako yana nini?"

"Ah. Presha ya mato. Madaktari wa macho walikuja kutoka mbali wakatupima, wakanambia mishipa inakufa ndani kwa ndani, nisipotia dawa nitapofuka. Natia mtana na usiku."

"Naweza kuiona?"

Bi Barka alifungua pindo la leso yake. Ilikuwa palepale, kichupa cheupe kisichozidi kidole gumba, kimefungwa pamoja na ufunguo na tasbihi. Wamuyu alikipokea, akakipiga picha kwa simu pande zote, akaituma kwa Daktari Hadil. Kisha akakiweka juu ya mkeka katikati yao.

"Walipokupa, walikuuliza maswali?"

"Maswali ya mtihani. Nina kisukari? Sina. Nimewahi kuzimia? Sijawahi. Nina pumu?" Alitikisa kichwa. "Sina. Nami kweli sina. Katika nyumba yetu pumu ilimpata Mwanaarabu peke yake."

Shekhan aliinamisha uso.

"Ukiitia," Wamuyu akasema, "unaonja kitu kooni?"

"Uchungu. Kama shubiri. Ndivyo ilivyo, hutelemka kwa puani. Nikamwambia Mwanaarabu pia, usiogope, kula tende."

Simu ilitetemeka. Wamuyu alisoma ujumbe wa daktari hadi mwisho, akausoma tena. *Ni ya aina ile ile niliyokueleza. Jichoni hufunga vipokezi ili maji ya jicho yapungue. Lakini tone hushuka puani, linaingia damuni moja kwa moja bila kupita ini. Kwa mtu wa pumu linatosha.*

"Bi Barka," akasema, "ulianza lini kumtia ndugu yako dawa hii?"

"Wiki yake ya mwisho. Alikuwa akiteseka, wanja hataki. Nikamwambia hii haina rangi, si pambo. Akasema basi iwe usiku kama wanja, tusijitie shaka. Alikuwa na hofu ya Mungu kuliko mimi."

"Na alibanwa lini kwa mara ya kwanza?"

Bi Barka alifungua mdomo kujibu. Mkono wake uliokuwa ukitetemeka tangu walipoingia ulitulia juu ya goti.

"Usiku uleule," Wamuyu akasema, kwa sababu mtu alipaswa kulisema. "Inhela ilinunuliwa kesho yake. Haikuwa bandia. Ilikuwa ikifika kifuani na kukuta pa kukaa pamejaa. Dawa hii ndiyo iliyokuwa imekaa. Kwako wewe ni dawa. Kwa mtu wa pumu inafunga njia."

Mtu alipita uchochoroni akiswaga punda. Sauti ya kwato ilikuja, ikapita, ikaisha.

"Usiku ule wa mwisho," Bi Barka akasema, "alikohoa mpaka mato yakajaa machozi. Nikasema machozi yameiosha dawa." Alitazama kichupa. "Nikaongeza."

Shekhan alikuwa anatazama ukuta.

"Hakuna anayekuhesabia kosa," akasema Wamuyu. "Hukujua. Nitaandika hivyo."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu." Aliinuka bila kushikwa, akachukua buibui lake msumarini. "Yule mtu amefungwa kwa ulimi wangu. Nipelekeni."

* * *

Walifika kituoni adhana ya alasiri ikilia. Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Inspekta akiwa amesimama, akauliza kama daktari ataweka saini, akaambiwa amekwisha kuituma, na hapo akakaa. Karatasi ya shitaka ilichanwa vipande viwili na kutiwa ndani ya faili, kwa kuwa hata kilichochanwa hutakiwa kuhifadhiwa.

Faiz alikuwa amemaliza kusali. Alikuwa bado juu ya mkeka wa Koplo. Bi Barka alisimama mbele ya nondo, na hakusema salamu kwanza, jambo ambalo Shekhan hakuwahi kuliona kwa mtu wa umri wake.

"Si wewe," akasema. "Ni mimi." Akakinyoosha kichupa kupitia nondo, ili aone mwenyewe.

Faiz alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma maandishi madogo. Alikuwa mtu wa dawa, hakuhitaji kuelezwa. Alikaa nacho kiganjani muda mrefu. Shekhan alikuwa ametia ufunguo kwenye kufuli lakini hakuuzungusha.

"Mwanaarabu hakuwahi kunionyesha," Faiz akasema mwishowe. "Lau angenionyesha." Kisha akatazama juu. "Leo asubuhi umetia?"

"Sijatia. Sitatia tena. Siitaki machoni mwangu."

"Utatia, Bi Barka. Ukiacha utapofuka, na hakitarudi kitu. Wewe huna pumu. Kwako haina dhambi." Akamrudishia kichupa. "Asubuhi na usiku, usiruke."

Bi Barka alikifunga ndani ya pindo la leso, fundo juu ya fundo, kwa mkono uliokuwa umeanza tena kutetemeka.

"Mkono huu hauwezi," akasema. "Usiku alikuwa akinitia yeye."

Shekhan alizungusha ufunguo. Mlango ukafunguka. Faiz aliukunja mkeka vizuri, akatoka nao, akamrudishia Koplo, akajipangusa vumbi begani.

"Duka litakuwa wazi baada ya isha," akasema. "Njoo, nitakutia."